Kiazi Kisichochagua Chungu

Mtu wa pwani akienda sokoni kununua embe, hamwambii muuzaji "nipe embe" kisha akanyamaza. Atauliza kama ni ngowe au boribo au dodo, atalinusa karibu na kikonyo, atalibonyeza kwa kidole gumba, na akiambiwa ni ngowe ilhali si ngowe, ugomvi utakaozuka hapo utawakusanya hata wapita njia. Akienda kununua mchele atataka kujua kama ni pishori ya Mwea au ni mchele wa Kyela, mpya au wa mwaka jana, maana anajua kuwa mchele mpya hauvumilii maji mengi na wa zamani huchambuka punje kwa punje. Lakini mtu huyo huyo afikapo penye fungu la viazi husema tu, "Nipimie kilo mbili," akatia kikapuni akaenda zake. Na jioni, mchuzi wake ukigeuka uji, au chipsi zake zikitoka nyeusi nje na mbichi ndani, hulaumu moto, hulaumu mafuta, na aghalabu humlaumu mpishi, wala haimpitikii kwamba yumkini kosa lilifanyika asubuhi, aliponunua kitu asichokijua jina lake.

Viazi vina majina, vina nasaba, na vina tabia zinazotofautiana kama zinavyotofautiana tabia za watoto wa nyumba moja. Viko vilivyoumbwa kwa ajili ya kukaangwa, viko vilivyoumbwa kwa ajili ya mchuzi, na kati ya makundi hayo mawili liko kundi la tatu, la viazi vya kazi zote, ambavyo mpishi aweza kuvichemsha leo, kuviponda kesho na kuvikaanga keshokutwa pasipo kujuta. Mintarafu ya kundi hilo la tatu ndipo nia yangu ilipo, kwa kuwa ndilo linalojaza vikapu vyetu bila sisi kujua.

Tuanze na jina la zao lenyewe, maana hata hilo lina mkanganyo. Unguja huitwa mbatata; Tanzania bara wengi husema viazi mviringo au viazi ulaya; Nairobi na bara ya Kenya utasikia waru, neno la Wakikuyu; na Mombasa ukisema viazi pasipo kuongeza neno, utaeleweka kuwa hukusudii vile vitamu. Mbatata ni neno la Kireno, batata, nao Wareno na Wahispania walilitwaa kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao kwao lilikuwa ni jina la kiazi kitamu. Basi mbatata inatembea duniani kwa jina la kuazima, na aliyeazimwa si wa aila yake, kwani mbatata ni jamaa wa nyanya, biringani, pilipili, tumbaku, na hata ule mnavu wetu uotao wenyewe kando ya shamba. Wala asili yake si Ulaya, ijapokuwa tumeipa Ulaya heshima hiyo; asili yake ni milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia, kandokando ya ziwa Titicaca, ambako watu walikuwa wakiilima maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajaivusha bahari katika karne ya 16. Huku kwetu ililetwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, na kwa kuwa ni mmea wa mlimani, utungao vizuri penye joto la nyuzi 15 hadi 20, ulikwea moja kwa moja ukafanya makao Nyandarua, Molo, Meru, Lushoto, Njombe, Uporoto, Kabale na Musanze. Sisi wa pwani hatukujaaliwa kuilima. Tulijaaliwa kuipika, na katika hilo sidhani kama tuna deni kwa mtu.

Sasa tuje kwenye sababu ya tofauti. Katika kila gramu 100 za kiazi kibichi, takriban 80 ni maji, na katika hizo zilizosalia sehemu kubwa ni wanga. Lakini hesabu hiyo ni ya wastani, kwa kuwa aina moja huwa na gramu 16 au 17 tu zisizo maji, na nyingine hufikia 22 au 23. Na tofauti hiyo, ambayo kwa kusemwa ni ndogo, chunguni ni kubwa mno. Nyama ya kiazi imejengwa kwa vijumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kijumba mna chembe za wanga. Kiazi kikichemshwa, wanga hunywa maji ukavimba. Palipo na wanga mwingi vijumba hujaa vikasukumana, hata gundi iliyovishikanisha ikaachia, na kiazi kikachanua kikawa kikavu, chepesi mdomoni, cha kuvunjika kwa ncha ya uma. Hiki ndicho wapishi wakiitacho kiazi cha unga. Palipo na wanga haba, vijumba hubaki vimeshikana, na kiazi kikatoka chunguni na umbo lake lile lile, nyama yake ikiwa laini, yenye unyevu na utelezi kidogo kama wa nta. Hiki ndicho kiazi cha majimaji, nacho si kibaya kama jina lake linavyodhaniwa, kwani kwenye saladi au kwenye mchuzi uchemkao muda mrefu hakuna kinachokishinda.

Jaribio la kuvitambua ni rahisi, nami nimelifanya jikoni kwangu. Nilinunua kiazi kimoja kimoja kutoka mafungu matatu, nikatia kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, nikakoroga mpaka chumvi ikayeyuka yote, kisha nikavitumbukiza viazi vyangu kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilizama kama nanga. Cha pili kilielea, mgongo wake ukionekana juu ya maji kama kasa apumuaye. Cha tatu kilishuka polepole, kikagusa chini, na kila nilipoitikisa sufuria kiliinuka kidogo kisha kikarudi, kana kwamba hakijaamua. Kilichozama kilikuwa na wanga mwingi, na wanga ni mzito. Kilichoelea kilikuwa na maji mengi. Nikavisuuza vyote vitatu, nikavichemsha pamoja na maganda yake katika sufuria moja. Kile cha kwanza kilipasuka ngozi kabla sijakiepua, na nilipokibonyeza kwa mwiko kilimomonyoka kikawa unga mweupe. Cha pili nilikikata vipande vinne, navyo vikasimama juu ya sahani na kingo zake kali kama vipande vya sabuni. Na kile cha tatu kilikatika vizuri bila kumomonyoka, lakini nilipokiponda kikapondeka, kikakubali siagi na chumvi kwa moyo mmoja.

Hicho cha tatu ndicho kiazi cha kazi zote. Siri yake ni ukadiri, kwa kuwa wanga wake u katikati, wala si mwingi hata kikavunjika katika mchuzi, wala si haba hata kikakataa kupondwa. Wazee wetu, wakifuata msemo wa Waarabu, husema kwamba kheri ya mambo ni ya kati na kati, na sijui zao jingine la shambani ambalo msemo huo unalifaa kuliko hili. Lakini haki ya kusema kweli yanilazimu niongeze kuwa anayeweza kila kazi si bingwa wa kila kazi. Mkaanga chipsi anayetaka zitoke kavu na zenye kuvunjika kwa mlio atazipata bora zaidi kutoka kiazi cha unga. Na mtengeneza saladi atakayeikata leo na kuiweka mezani kesho atasalimika zaidi na kiazi cha majimaji. Kiazi cha kati humfaa yule aliye na gunia moja nyumbani na vyungu vingi vya kujaza, na huyo, waama, ndiye sisi tulio wengi.

Dunia nzima imehangaika kukitafuta kiazi cha namna hiyo, na historia ya utafutaji huo ina visa vya kupendeza. Huko Uholanzi, katika jimbo la Friesland, mwalimu wa shule aliyeitwa Kornelis Lieuwes de Vries alikuwa akipandanisha aina za viazi, na aina zake mpya alizipa majina ya watoto wake, kisha ya wanafunzi wake. Mwaka 1910 ikatoka moja aliyoiita Bintje, kwa jina la mwanafunzi wake Bintje Jansma, nayo ikaenea Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, ikawa ndiyo ya chipsi, ndiyo ya supu, ndiyo ya kuponda. Marekani ikapata Katahdin mwaka 1932, kiazi chenye ngozi nyeupe nyororo na macho yasiyozama, kilichopewa jina la mlima katika jimbo la Maine. Kisha Kennebec mwaka 1948, kwa jina la mto wa jimbo hilo hilo. Waingereza walitoa Maris Piper mwaka 1966, iliyozalishwa Cambridge na kusifiwa kwa kustahimili minyoo ya udongoni, na hata leo ni miongoni mwa viazi vipendwavyo mno kwao kwa chipsi na kwa kuoka. Na katika Kanada, Gary Johnston wa Chuo Kikuu cha Guelph, akiishi karibu na wahamiaji wa Kiholanzi na Kibelgiji waliokuwa wakivitamani viazi vya njano vya kwao, alitoa mwaka 1980 aina ya Yukon Gold, ambayo nyama yake ni ya dhahabu na macho yake yana wekundu wa mbali, na ambayo Katahdin ni miongoni mwa mababu zake. Kabla ya hapo mlaji wa Amerika ya Kaskazini alizoea kiazi cheupe, akikiona cha njano akidhani kina walakini. Baada ya Yukon Gold akajifunza kuingia dukani na kukitaja kiazi kwa jina.

Hapa pana jambo ambalo yapasa tulisimamie kidogo. Kiazi hakipandwi kwa mbegu za tunda kama nyanya. Hupandwa kwa kiazi chenyewe, ambacho kwa hakika si mzizi, bali ni shina lililovimba chini ya ardhi, na yale tuyaitayo macho ni machipukizi yake. Maana yake ni kwamba kila Bintje iliyo duniani hivi leo ni kipande cha mche ule ule mmoja wa mwalimu wa Friesland, umekatwa na kupandwa, umekatwa na kupandwa, zaidi ya miaka 100. Hiyo ni neema, kwa sababu tabia haibadiliki. Uliyoipenda mwaka jana utaipata mwaka huu. Lakini ni hatari vile vile, kwa kuwa ugonjwa ukishapata njia ya kumwingia mmoja, umeshapata njia ya kuwaingia wote. Watu wa Ireland walilijua hilo kwa msiba. Maskini wao walitegemea kiazi, na hususan aina moja iliyoitwa Lumper. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa bakajani chelewa, majani yakawa meusi na viazi vikaozea ardhini, na katika miaka iliyofuata takriban watu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na wengine kama idadi hiyo wakaihama nchi.

Tukirudi kwetu, Afrika ya Mashariki ina viazi vyake vya kazi zote, na anayestahili kutajwa kwanza ni shangi. Huyu hakuzaliwa maabarani. Alienea kutoka mashamba ya wakulima wa Nyandarua, mkulima akimpa jirani na jirani akimpa shemeji, na alipokuja kuidhinishwa rasmi mwaka 2015 alikuwa ameshaliteka soko la Kenya bila cheti. Umbo lake ni la yai, ngozi yake ni nyeupe ya maziwa yaliyochujuka, na macho yake, yaliyozama kidogo, yana rangi ya waridi. Sifa yake ya kwanza kwa mpishi ni wepesi wa kuiva, jambo ambalo mwenye kununua makaa kwa kopo atalifahamu bila kuelezwa. Huchemka bila kumomonyoka ovyo, hupondeka vizuri ndani ya mukimo pamoja na mahindi na majani ya maboga, na hukaangwa chipsi zinazokubalika. Na sifa yake kwa mkulima ni kukomaa mapema, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi kidogo, na kuchipua upesi baada ya kuvunwa, hata aliyevuna mvua za masika aweza kupanda mbegu yake mwenyewe mvua za vuli.

Lakini kuchipua huko upesi, ambako kwa mkulima ni baraka, kwa mchuuzi ni balaa. Kila kiazi kikivunwa hulala usingizi wake kabla ya kuchipua, na aina hutofautiana kwa urefu wa usingizi huo. Shangi ni mwenye usingizi wa wiki chache tu, na gunia lake likikaa ghalani kidogo zaidi ya kadiri, huanza kuota pembe, likanywea na kupoteza uzito. Mchuuzi, kwa kulijua hilo, hukimbilia kuuza. Na kwa kuwa wote hukimbilia kuuza kwa wakati mmoja, bei huporomoka wakati wa mavuno na kupaa baadaye. Mara nyingi mlaji akishangaa kwa nini bei ya viazi haina utulivu, sehemu ya jawabu imo katika usingizi mfupi wa kiazi chenyewe.

Wa pili na wa tatu ni ndugu. Mwaka 1998 kituo cha utafiti cha Tigoni, karibu na Limuru, kilitoa aina mbili zilizotokana na uzao mmoja wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho makao yake ni Lima, mji mkuu wa Peru. Moja ikaitwa Tigoni kwa jina la kituo, na ya pili Asante. Baba mmoja, mama mmoja, lakini Tigoni ina ngozi nyeupe na Asante ina ngozi nyekundu. Nawataja ndugu hawa kwa makusudi, kwa kuwa wanunuzi wengi huamini kuwa chekundu ni cha unga na cheupe ni cha maji, au kinyume chake, wakashindana juu ya hilo sokoni. Ilhali rangi ya ngozi ni kanzu tu, na kanzu haimwelezi mtu tabia yake. Asante hiyo hiyo huko Uganda huitwa Victoria, na mfanyabiashara wa Kabale akikutana na mwenzake wa Meru waweza kubishana siku nzima kiazi cha nani ni bora, kumbe wote wawili wanasifu kiazi kimoja.

Baada yao wako wengine. Sherekea, iliyotolewa Kenya mwaka 2010, ni yenye ngozi nyekundu na uvumilivu mzuri wa bakajani, ugonjwa ule ule uliowaangamiza watu wa Ireland. Désirée ya Uholanzi, ya mwaka 1962, nyekundu kwa nje na njano kwa ndani, ilisafiri ikafika mashamba ya Kenya, na wapishi huisifu kwa kushika umbo. Nyanda za juu za Mbeya wana Kikondo yao, na Rwanda wana Kinigi, iliyopewa jina la pahali penye udongo wa volkano chini ya milima ya Virunga, ambayo mnunuzi wa Kigali huitaja kwa jina na yu radhi kuilipia zaidi. Na katika hilo nawaona Wanyarwanda wametutangulia. Kisha, ili msomaji asidhani kuwa kila kiazi kizuri ni cha kazi zote, nimtajie Dutch Robyjn, kiazi cha mviringo chenye ngozi nyekundu ya kukwaruza, kilichotoka Uholanzi na kikapata makao Bomet: huyu ni bingwa wa kazi moja, krispi zile nyembamba za pakiti, kwa kuwa ana wanga mwingi na sukari haba, lakini ukimtia katika mchuzi wa kuchemka saa nzima, utamtafuta usimwone.

Nilitaka kujua jinsi maarifa haya yanavyoonekana kwa mtu ambaye hajapata kusikia habari ya vijumba na wanga, nikaenda jioni moja kwa mama mmoja auzaye viazi karai kando ya njia, Mji wa Kale wa Mombasa. Karai lake lilikuwa limeshika moto, na pembeni yake mna beseni la rojo ya unga iliyotiwa manjano na chumvi. Viazi alikuwa ameshavichemsha na kuvimenya. Alikuwa akikichukua kimoja, akikigeuza mkononi, akikikata pande mbili, akikichovya na kukitelezesha mafutani kwa ncha za vidole, huku akizungumza nami bila kuangalia karai. Nikamwuliza anachagua kiazi gani.

"Cha kati, mwanangu," akasema. "Kiazi cha karai chataka kuchemka pasi na kuchoka. Kikiwa cha unga sana, nikikichovya chaniwachia nusu yake mwenye rojo. Kikiwa kigumu, mteja atauma ganda zuri, ndani akute muhogo."

"Na wakijuaje, mama, ilhali gunia huja mchanganyiko?"

"Nachemsha vitatu kwanza," akajibu. "Mchuuzi aweza kuniongopea, sufuria haiwezi."

Akanipa vyangu katika kipande cha gazeti, akavipasua kati na kumwagia ukwaju wenye pilipili. Ndani mlikuwa mkavu na laini, na ganda la njano halikuachana na nyama hata nilipouma. Nikawaza kwamba katika mji huu mmoja, na wakati mwingine katika nyumba moja, kiazi hicho hicho huombwa kikae kizima ndani ya biriani, kisimame vipande ndani ya rojo, kipondeke na kushikana katika kachori na katlesi, na kivumilie mafuta katika karai. Na huko Unguja kielee ndani ya urojo pamoja na bajia na kachori iliyotokana na nduguye. Hakuna upishi ujuao kukitumikisha kiazi cha kazi zote kuliko upishi wa pwani, na hakuna wanunuzi wanaokinunua kwa upofu kuliko sisi.

Upofu huo una gharama hata nje ya jiko. Mwezi wa Januari mwaka 2022, Wakenya walistaajabu kusikia kuwa mikahawa ya kampuni moja kubwa yenye asili ya Marekani imeishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka ng'ambo imechelewa, na hali magunia ya viazi yamejaa kandokando ya barabara za Nyandarua. Watu walikasirika, na hasira yao ilikuwa na haki. Lakini ndani ya mkasa huo mlikuwa na somo lisilopendeza, kwamba mwenye kukaanga kwa wingi hutaka aina moja, ya ukubwa mmoja, yenye wanga na sukari ya kipimo kimoja, na kwamba gunia lililochanganywa shangi na Asante na kingine kisichojulikana, likajazwa mpaka likavaa kilemba, haliwezi kumpa dhamana hiyo hata viazi vyake vikiwa vitamu namna gani.

Na ukishapata kiazi chema, ada ni kukitunza. Usikiweke juani wala penye taa, kwani mwanga hukifanya kijani, na ukijani huo ni dalili ya sumu iitwayo solanini; sehemu ya kijani ikatwe yote na kutupwa, na kilichoenea ukijani kisiliwe. Usikitie katika jokofu, maana baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto hukoza rangi, ndipo chipsi zikawa nyeusi nje kabla ndani hakujaiva. Wengi huyalaumu mafuta kwa kosa la jokofu. Kikapu kinachopitisha hewa, katika pembe yenye giza na ubaridi wa kawaida, chatosha. Na kwa shangi, kwa kuwa usingizi wake ni mfupi, nunua cha kula wiki mbili, usinunue cha kuweka akiba.

Alhasili, kiazi cha kazi zote ni kitumishi chema, lakini hata kitumishi chema hakifai kubebeshwa nchi nzima peke yake. Shangi imeijaza Kenya kwa uzuri wake, nayo haina kinga kubwa dhidi ya bakajani. Na yaliyowapata watu wa Ireland kwa kuitegemea Lumper hayakutokana na ubaya wa Lumper, yalitokana na kutokuwa na nyingine ya kuwashika mkono. Mkulima hupanda kinachonunuliwa, na mchuuzi hubeba kinachoulizwa; maadamu sisi walaji hatuulizi ila bei, Tigoni, Asante, Sherekea na wenzao watabaki majina katika vitabu vya wataalamu.

Basi kesho ukienda sokoni, ndugu msomaji, kabla hujauliza bei, uliza jina. Muuzaji akilijua, umepata faida. Asipolijua, nunua vitatu tu, uvichemshe, kisha urudi umwambie ulichokiona.